Nafasi ya Kichwa Kimoja

Huu mwekundu, asema Blaž, una mifuko saba.
Na mimi, namwuliza, nina mikono mingapi?
Acheka, aukung'uta vumbi, aulaza juu ya meza
kati ya kamba mpya na buti zisizojua bado tope.

Nje mvua ya Bovec yapiga paa bila kupumzika.
Mlima Rombon umejifunika gubigubi.
Nimekuja na vitu vyangu ndani ya ndoo ya plastiki,
maana mkoba wa kifuani haujaribiwi mtupu:
redio ya upepo, dira, ramani iliyochanika mikunjo,
penseli, kwa kuwa wino hugoma kwenye baridi,
mkasi wa kukatia nguo za majeruhi,
betri mbili, kipenga, kipande cha chokoleti
ambacho si changu, ni cha nitakayemkuta.

Miaka kumi na minne nimebeba kila kitu mgongoni.
Mgongo ni ghala.
Usiku ule wa Februari, chini ya Kanin,
redio iliniita mara tatu kutoka ndani ya shanta,
chini ya blanketi, chini ya chupa ya chai,
nami nipo kwenye mteremko, vidole vimekufa ganzi,
nikisikia jina langu likizikwa nyuma yangu.
Walikuwa wakisema: rudi, theluji imelegea.
Zvonko alinivuta kwa ukanda.
Sijui kama alisikia au alihisi tu.
Hatujaizungumza tena habari hiyo;
kesho yake alinitumia bei za mikoba.

Basi najaribu.
Wa kwanza wanikalia kama deni:
nikiinama sivioni vidole vya miguu,
na mteremko haumsamehi asiyeona anapokanyaga.
Wa pili una zipu nzuri, meno madogo ya panya.
Navaa glovu nene, nafumba macho, napapasa,
Blaž anahesabu kwa sauti. Amefika ishirini na tatu.
Hapana.
Wa tatu, mikanda yake yapita palepale
unapopita mshipi wangu wa kamba,
na mafahali wawili hawakai zizi moja.

Wa nne ni wa kijivu, mbaya wa sura,
bizimu zake kubwa kama meno ya farasi.
Navuta: wafunguka. Nasukuma: wajifunga.
Redio yakaa kushoto, karibu na mdomo wangu,
sihitaji hata kugeuza shingo.

Ndio huu, asema Blaž, keshashika kitabu cha risiti.
Ngoja, nasema. Njoo huku. Lala.
Wapi?
Hapo sakafuni, kati ya buti. Umevunjika nyonga,
una miaka themanini na mmoja, ulitoka kuokota uyoga,
umelala nje usiku kucha na hutaki kunitajia jina lako.

Analala. Mtu mzima, mwenye duka,
na wateja wawili wanatazama.

Maana Oktoba tulimpata kweli, mzee Albin,
nikampakata tukisubiri machela,
na kila alipotaka kuegemea kifua changu
paji lake liligonga redio niliyoining'iniza shingoni.
Hakulalamika. Alisogea tu, akasogea tena,
kama mgeni anayetafuta pa kuketi
katika nyumba iliyojaa.
Alifika hospitali akiwa hai.
Ana alama ndogo juu ya nyusi;
mwamba haukuitia, niliitia mimi.

Nampakata Blaž. Ananuka kahawa na nta ya viatu.
Kwa mkono mmoja navuta ulimi wa bizimu ya kulia:
mkoba wa kijivu wateleza hadi ubavuni,
watulia huko kama mbwa aliyeambiwa kaa.
Blaž aegemeza kichwa. Kimya kidogo.
Moyo wako, asema, unakwenda mbio.

Nalipa. Mfuko wa karatasi siutaki.
Chokoleti naiweka kwanza, chini kabisa,
kisha naitoa.
Juu. Iwe juu,
mkono uifikie kabla sijauagiza.